Je, wajua kwa nini maji ya kuoga hotelini Las Vegas hayapotei?

Las Vegas, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, hupata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka, na bado hupokea wageni wapatao milioni 40. Wengi hudhani mgeni anayekaa sana bafuni ndiye anayeukausha mji. Sivyo. Karibu maji yote yanayotumika ndani ya majengo huingia kwenye mabomba ya majitaka, husafishwa na kurudishwa katika ziwa ambako mji huchota maji yake. Yanayopotea ni yale yanayogeuka mvuke: ya nyasi, ya mabwawa ya kuogelea na ya mitambo ya kupoza majengo.

Takriban asilimia 90 ya maji ya mji hutoka Mto Colorado, kupitia Ziwa Mead lililo nyuma ya bwawa la Hoover. Tangu 1928 mgao wa Nevada umekuwa ekari-futi 300,000 kwa mwaka, yaani kama mita za ujazo milioni 370, chini ya asilimia 2 ya maji yote yaliyogawanywa ya mto huo. Miaka ya ukame mgao hupunguzwa. Kinachohesabiwa, hata hivyo, ni kiasi kilichochotwa ukitoa kilichorudishwa. Ukirudisha lita moja, unaruhusiwa kuchota nyingine.

Safari ya kurudi ni hii. Majitaka huchujwa takataka, hutulizwa ili tope lizame, kisha bakteria hula uchafu uliobaki. Fosforasi huondolewa kwa makini, kwa sababu ikizidi ziwani mwani hufumuka. Baada ya kuchujwa tena na kuuliwa vijidudu, maji hushuka kwa mkondo uitwao Las Vegas Wash hadi ziwani. Mkondo huo uliwahi kuwa tatizo. Mji ulipokua, maji yaliongezeka, yakaikata ardhi na kuubomoa ukingo. Ardhi oevu ikapungua kutoka ekari 2,000 hivi miaka ya 1970 hadi kama 200 miaka ya 1990. Dawa ilikuwa kujenga mabanio 21 ya kupunguza kasi ya maji na kupanda upya mimea ya asili. Leo ndege wamerejea, na wageni huenda kuwatazama.

Hapa ndipo wengi hukosea: kumwagilia uwanja wa gofu kwa majitaka yaliyosafishwa hakuongezi maji ya mji huu. Yakimwagwa kwenye nyasi huenda hewani. Yakirudishwa ziwani huchotwa tena. Faida halisi ya kumwagilia hivyo ni umeme, kwani ziwa liko chini ya mji na kila lita lazima ipandishwe kwa pampu. Kwa hiyo kuoga kwa muda mfupi kuna maana, ila unachookoa zaidi ni nishati ya kusukuma na kuchemsha maji.

Ndiyo maana masharti yamebana vitu vya nje. Kuanzia Mei 1 hadi Agosti 31 ni marufuku kunyunyizia nyasi kati ya saa 5 asubuhi na saa 1 jioni, wakati jua na upepo huyabeba matone kabla hayajafika kwenye udongo. Bwawa la kuogelea likibadilishwa maji, yamwagwe kwenye bomba la majitaka, kamwe si barabarani. Na sheria ya 2021 inakataza, kuanzia 2027, kutumia maji ya Mto Colorado kwa nyasi za mapambo tu, kama zile za kando ya barabara na maegesho. Nyumba za familia moja hazimo.

Kila mita ya mraba ya nyasi inayobadilishwa kwa mimea ya jangwani huokoa zaidi ya lita 2,000 kwa mwaka. Lakini kazi hiyo ikifanywa ovyo, miti hufa, na mji wa joto kali hauwezi kumudu kupoteza kivuli. Mti uliokulia kwenye nyasi ulikuwa ukinywa maji ya nyasi hizo. Kabla ya kuzing'oa, laza mabomba yanayodondosha maji tone kwa tone kuuzunguka mti, si shinani bali kuelekea ukingo wa matawi, iliko mizizi inayofyonza maji. Mwagilia kwa nadra lakini kwa muda mrefu ili maji yazame, na kadiri matawi yanavyotanuka, sogeza mabomba hayo nje.