Ushauri wa bure wa uwekezaji: nani anamlipa mshauri?

Dhana: "Mshauri hanitozi kitu, kwa hiyo ushauri wake ni bure."

Anayekuletea fomu ya bima ya akiba ofisini Posta, Dar es Salaam, saa saba mchana watu wakiwa kwenye chipsi, hakutozi kwa sababu atalipwa ukishasaini. Kamisheni yake inatoka kwenye malipo yako, na kwa kawaida sehemu nono ni ya mwaka wa kwanza. Tazama anavyosoma jedwali la utakachopata kila mwaka: kidole kinakimbilia mwaka wa 15, kwenye mamilioni. Mwombe akirudishe mwaka wa pili, umuulize ukivunja mkataba hapo utapata ngapi. Mara nyingi ni pungufu ya ulichoweka, na miaka ya mwanzo unaweza kuondoka mikono mitupu.

Sisemi bima ni utapeli. Mwenye watoto wadogo wanaotegemea mshahara mmoja anaihitaji bima ya maisha kweli kweli. Ila kujikinga na msiba ni jambo moja na kukuza akiba ni jingine, na anayekuuzia yote kwenye fomu moja ana sababu zake.

Dalali wa viwanja vya Chanika naye yuko hivyo hivyo, na ofisa wa benki mwenye malengo ya mwezi, na hata shoga yako anayerusha "fursa" kwenye kikundi cha WhatsApp pamoja na linki yake ya kujiunga. Waulize bila haya: nikikubali, wewe unapata nini? Na zako umeweka?

Dhana: "Kampuni ina cheti cha BRELA, basi iko salama."

BRELA husajili kampuni na majina ya biashara. Cheti chake hakiruhusu mtu kupokea amana za wananchi; hiyo ni leseni ya Benki Kuu. Anayesimamia mifuko ya uwekezaji au kuuza hisa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na wakala wa bima awe anatambuliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Cheti kilichowekwa fremu ukutani ukisome kinasema nini hasa. Wengi huishia kwenye mhuri.

Dhana: "Asilimia 30 kwa mwezi inawezekana, ukiwahi."

Piga hesabu. Shilingi 100,000 ikikua kwa asilimia 30 kila mwezi bila kuguswa, mwaka ukiisha ni zaidi ya milioni 2.3, na mwaka wa pili inapita milioni 54. Mwenye mtambo wa namna hiyo angekopa benki, ambako riba ya mwaka mzima iko chini ya hiyo ya mwezi wake, na asingehangaika na laki yako. Anaihitaji kwa sababu ndiyo inayomlipa aliyetangulia. DECI, taasisi ya upatu iliyozimwa Tanzania mwaka 2009, iliita mchezo huo kupanda na kuvuna, na waliowahi walivuna kweli. Ushuhuda wao ndio uliowaleta wengine.

Dhana: "Makato ya asilimia 2 ni kitu kidogo."

Tuchukulie milioni 1 inakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miaka 20 inafika kama milioni 6.7. Msimamizi wa mfuko akikata asilimia 2 kila mwaka, ukabaki na 8, unapata kama milioni 4.7. Hizo milioni 2 zimeliwa na makato hayo, na hukuwahi kuona risiti yake.

Dhana: "Bila mamilioni huwezi kuanza."

Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hufunguliwa kwa shilingi 100,000.

Dhana: "Kilichoandikishwa soko la hisa hakishuki."

Hushuka. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 850, na miaka kadhaa baadaye zilikuwa zikiuzwa chini ya hapo. Ada ya shule ya Januari isipite huko. Hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, kuanzia milioni 1, zimetulia zaidi: kuponi, ndiyo riba yake, huingia kila baada ya miezi sita. Lakini ukitaka kutoka kabla ya muda, utaiuza sokoni kupitia dalali mwenye leseni, kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia.