Macho pekee hayatoshi kujua kitu kiko wapi

Watu wengi wanaamini jicho ni kamera, linapiga picha, picha inafika kwenye ubongo, basi ushajua kitu kiko wapi. Sio hivyo. Picha inayotua nyuma ya jicho ni bapa, tena imepinduka juu chini, na macho yenyewe hayatulii, yanaruka kama mara tatu kwa sekunde, kila yakiruka picha yote inahama lakini wewe chumba unakiona kimetulia tu. Ni kwa sababu ubongo unajua umeiamuru vipi misuli ya macho na unapiga hesabu humo humo. Jaribu sasa hivi, fumba jicho moja, lile lililo wazi lisukume taratibu sana kwa kidole juu ya kope: kila kitu kinacheza, maana safari hii ubongo haukutoa amri yoyote.

Eti mwenye jicho moja hawezi kukadiria umbali? Anaweza. Vivuli, ukubwa, kitu gani kimeziba kingine, vyote vinamsaidia.

Halafu kuna hii ya kudhani kutambua kitu na kukifikia kwa mkono ni kazi moja. Watafiti wa ubongo Goodale na Milner mwaka 1992 walieleza kwamba ubongo una njia mbili, moja ya kutambua kitu na nyingine ya kuongoza mkono, na mgonjwa wao, D.F., aliyeumia ubongo kwa gesi ya kaboni monoksidi, ukimuuliza tundu jembamba refu limelala au limesimama anashindwa kukwambia, ila mpe kadi aitumbukize, mkono unajigeuza wenyewe na kadi inapita! Kila nikilifikiria hili nashangaa upya.

Inayoniuma zaidi ni hii: mtu kapata kiharusi, anaacha chakula chote cha upande wa kushoto wa sahani, watu wanasema anadeka au macho yameharibika. Mara nyingi macho ni mazima kabisa, kilichoumia ni ubongo upande wa kulia, na kushoto kwake ni kama hakupo. Mwaka 1978 watafiti Bisiach na Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili wa aina hii waelezee kwa kumbukumbu uwanja wa katikati ya mji wa Milan, Italia, uitwao Piazza del Duomo, wakataja zaidi majengo ya kulia, walipoambiwa wajione wamesimama ng'ambo ya pili wakataja yale waliyoyaruka, maana sasa ndiyo yalikuwa kulia kwao. Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa kama huyo usimgombeze, mkumbushe ageuze kichwa kushoto, na sahani izungushe tu, ataendelea kula.