Kukimbia taratibu kuzunguka ziwa la mlimani: maswali na majibu

Njia inayozunguka ziwa huwa karibu tambarare, kwa kuwa inafuata ukingo wa maji, na maji hayapandi wala hayashuki. Ndiyo maana watu huidharau. Maswali haya ni ya wale walioingia kwa mguu mwepesi wakatoka wanahema.

Nyumbani nakimbia kilomita 5 bila shida. Mbona huku juu nahema baada ya dakika mbili tu?

Hujalegea. Utasikia watu wakisema juu mlimani hakuna oksijeni, lakini oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa kokote uendako, bondeni au kileleni. Kinachopungua ni kanieneo, yaani ule uzito wa hewa unaotukandamiza. Kwenye mwinuko wa mita 2,500 kanieneo ni kama robo tatu ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni kidogo zaidi. Mwili hufidia kwa kupumua haraka na moyo kupiga haraka, hata kama miguu inakwenda mwendo uleule wa kila siku.

Kwa hiyo achana na saa ya mkononi. Hesabu yake ya dakika kwa kilomita ni ya nyumbani. Pima kwa mdomo. Tamka kwa sauti: "Ng'ambo ile ina miti mingi kuliko upande huu." Ukiimaliza kwa pumzi moja, mwendo wako ni mzuri. Ukikatikia kwenye "miti", punguza au tembea hadi pumzi itulie. Mwenzako asiyejibu hadithi zako huenda si kwamba hazimpendezi, pumzi imemwishia.

Nitazoea baada ya muda gani?

Kupumua hujirekebisha ndani ya siku chache. Figo nazo, ndani ya saa chache tu, huanza kutoa homoni inayouhimiza uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu za damu, ila seli zenyewe huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Mgeni wa siku mbili atarudi nyumbani kabla hajafaidi lolote. Siku ya kwanza zunguka kwa kutembea, mbio zianze ya pili au ya tatu.

Kichwa kinaniuma. Ni kiu au ni mwinuko?

Huenda vyote viwili, maana hewa ya juu ni kavu na kupumua haraka kunakupotezea maji. Kunywa kadiri ya kiu yako, usijijaze maji kupita kiasi, kwani kushusha sana chumvi ya damu nako ni hatari. Lakini maumivu ya kichwa yakiandamana na kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kukosa hamu ya kula, uchukulie kuwa ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine. Kwa kawaida hutokea juu ya mita 2,500, na huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Hapo ndipo wengi hupotea: asubuhi umekimbia vizuri, usiku unatapika, unakisingizia chakula.

Pumzika, usipande zaidi hadi dalili ziishe. Zikizidi, shuka. Mtu akihema akiwa amekaa tu, akikohoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, akiyumba kama mlevi au akiongea yasiyoeleweka, msisubiri kupambazuke. Mshusheni mara moja, mkitafuta msaada wa daktari.

Nani amwone daktari kwanza?

Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, presha isiyodhibitiwa, upungufu wa damu, na mjamzito. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta, kwani hewa baridi na kavu hubana kifua.

Kuna kundi husahaulika: wanaohusika na selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asijaribu bila ushauri wa daktari wake. Aliyerithi vinasaba vyake kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, na wengi hawajui hata kuwa wanavyo. Huyo naye, akipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto akiwa mwinukoni, aache mazoezi na aende hospitali, maana huenda bandama imekosa damu.

Maji ya ziwa ni maangavu kabisa. Nikinywa?

Hapana. Vimelea vya giardia havionekani kwa macho, na wanyama hujisaidia hata mahali pazuri. Chemsha. Juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Jasho limenitoka. Naweza kujitosa?

Maji ya baridi kali hukufanya uvute pumzi ya ghafla bila kupenda. Ikiwa kichwa kiko chini ya maji wakati huo, utavuta maji. Poa kwanza, kisha ingia polepole kwa miguu. Halafu badili fulana: jua likijificha nyuma ya mlima, ile iliyolowa hukugandisha dakika hiyohiyo.

Je, nikichoka katikati ya mzunguko?

Hapa ziwa ni tofauti na njia ya kwenda na kurudi: njia ya mkato haipo. Kama mzunguko ni kilomita 6, ukiwa umekwenda 3 huna cha kuchagua, mbele ni 3 na nyuma ni 3. Simama kwenye kilomita 1 na nusu, funga kamba za viatu, sikiliza kichwa na kifua. Kama kuna kinachokusumbua, geuka hapohapo.