Solidago: soma shina kabla ya ua

Anayetaka kutambua spishi ya solidago kwa picha ya kishada cha manjano peke yake anajisumbua bure. Jenasi hii ya familia ya alizeti ina takriban spishi 100, nyingi zikiwa za Amerika Kaskazini, na karibu zote huchanua manjano yaleyale, kuanzia katikati ya kiangazi hadi majira ya kupukutika majani. Tofauti ziko kwenye shina na majani. Ua nalitazama mwisho, tena kwa rula.

Swali la kwanza: majani makubwa kuliko yote yako wapi? Inama uangalie. Yakiwa chini kabisa, yamekaa kama sahani kuzunguka shina, na ya juu yanazidi kupungua, basi uko kwenye kundi la Solidago juncea na Solidago nemoralis. Juncea ni laini, haina vinyweleo, na ni miongoni mwa zinazowahi kuchanua. Nemoralis ni fupi, ya kijivu kwa sababu imefunikwa vinyweleo vifupi mwili mzima, na kishada chake huinamia upande mmoja. Itafute kwenye udongo mkavu usio na rutuba. Hizi mbili hazisumbui.

Kazi inaanza pale majani ya chini yanapokuwa yamekauka na kudondoka wakati wa kuchanua, shina limejaa majani yanayokaribia kulingana, na kishada kina umbo la piramidi lenye matawi yaliyopinda, maua yakikaa upande wa juu wa kila tawi. Chukua jani la katikati ya shina, ulielekeze kwenye mwanga. Ukiona mishipa mitatu mikuu, yaani wa katikati na miwili inayochipuka karibu na kitako cha jani kisha kukimbia sambamba nao kuelekea ncha, una moja kati ya tatu: canadensis, altissima au gigantea. Mishipa ya pembeni ikitoka mingi kama ya unyoya, na jani likiwa limekunjamana huku shina lina vinyweleo virefu, hiyo ni Solidago rugosa. Wengi huiita canadensis kwa sababu ya umbo la kishada tu.

Kwa zile tatu, tazama shina kwa lenzi ya kukuza mara 10, katikati ya kimo chake, mbali na maua. Gigantea ni tupu kabisa, mara nyingi ikiwa na unga mwembamba wa nta unaolipa shina rangi ya samawati au zambarau. Unga huo hufutika kwa vidole, kwa hiyo tazama kwanza, shika baadaye. Mtego wake ni kwamba matawi ya kishada yana vinyweleo. Anayekagua hapo juu tu atakosea. Canadensis ni tupu karibu na ardhi, kisha vinyweleo huongezeka kadiri unavyopanda. Altissima ina vinyweleo vifupi vilivyosongamana karibu shina zima, na uso wa juu wa jani hukwaruza ukiupapasa. Meno ya ukingoni pia husaidia: canadensis huwa na meno makali kama ya msumeno, ilhali majani ya juu ya altissima huwa na meno machache au hayana kabisa.

Shida ni kwamba vinyweleo huchakaa. Altissima iliyozeeka inaweza kuwa imepukutisha vya chini, ukaiona kama canadensis. Hapo ndipo rula inapohitajika. Pima urefu wa kikombe cha magamba ya kijani kilicho chini ya kichwa cha maua, yaani kifungu kidogo cha vijiua kinachoonekana kama ua moja, kuanzia kitako chake hadi ncha ya gamba refu zaidi. Petali zisihesabiwe. Canadensis huwa na milimita 2 hivi, mara chache ikakaribia 3. Altissima kwa kawaida 3 hadi 4. Pima vichwa 10 vilivyochanua vyema kutoka katikati ya matawi, kwa sababu vya nchani huwa vidogo, na vilivyobanwa kwenye karatasi hutanuka. Wastani ukiangukia 2.5, kipimo hicho peke yake hakiamui kitu. Rudi kwenye vinyweleo na meno, na visipokubaliana andika "kundi la canadensis" uishie hapo. Spishi hizi huzaliana moja na nyingine, na jina la uhakika lililobandikwa kwa kubahatisha ni baya kuliko jina pana.

Uvimbe kwenye shina nao ni ushahidi wa pembeni. Ule wa mviringo kama gololi kubwa hufanywa na kiluwiluwi cha nzi Eurosta solidaginis, anayependelea altissima na gigantea. Hauthibitishi jina, ila unakupa sababu ya kukagua shina mara ya pili.

Za msituni ni nyepesi. Caesia ina shina la mviringo lenye nta ya samawati na maua yamejipachika kwapani mwa majani membamba, yaani pale jani linapoungana na shina. Flexicaulis nayo ina maua ya kwapani, lakini shina lake lina pembe na hupinda kushoto na kulia, na majani ni mapana. Bicolor ina petali nyeupe, kwa hiyo haihitaji maelezo. Ya pwani ya chumvi yenye majani manene ni sempervirens. Odora ikipondwa hunukia anisi, ukingo wa jani hauna meno, na ukilinyanyua jani kwenye mwanga utaona vitone vinavyopenyeza nuru.

Kishada kikiwa bapa juu na majani membamba kama ya nyasi, yamkini si solidago kabisa bali Euthamia graminifolia, iliyohamishiwa jenasi nyingine. Kikiwa bapa lakini majani ni mapana, magumu na ya umbo la yai, ni Solidago rigida.

Na kwa wanaozilaumu kwa mafua ya mzio: chavua ya solidago ni nzito na ya kunata, husafirishwa na wadudu. Inayopeperuka na kuwapigisha watu chafya msimu huohuo ni ya mmea mwingine, Ambrosia, ambao maua yake ya kijani hakuna anayeyatazama.