Utamadunisho: ngoma peke yake haitoshi

Utamadunisho ni imani kuingia katika utamaduni wa watu mpaka ikatamkwa kwa lugha yao, ikaimbwa kwa mahadhi yao na kufuata adabu zao za kusimama mbele ya mkubwa. Wanateolojia huuegemeza kwenye Yohana 1:14, Neno kufanyika mwili. Na kila mwili una kwao: Yesu alizaliwa Myahudi, akakua akiimba zaburi za Wayahudi.

Katika Kanisa Katoliki wazo hili lilipata nguvu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu (1962–1965), ila wanamuziki walishatangulia. Mwaka 1958, kwaya ya padre Mbelgiji Guido Haazen huko Kamina, Katanga, iliimba Missa Luba: maneno ya Kilatini yaleyale, kwa sauti na ngoma za Kongo.

Miaka 30 baadaye, 1988, Roma iliidhinisha misale, yaani kitabu cha sala za misa, ya majimbo ya Kanisa ya Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), na safari hii mpangilio wenyewe wa misa uliguswa. Mwanzoni huitwa watakatifu pamoja na mababu waadilifu. Wimbo wa Utukufu ukiimbwa, padre huzunguka altare akicheza. Toba, ambayo kwa kawaida huja mwanzoni, huwekwa baada ya mahubiri, ikifuatwa na kupeana amani. Angalia hekima yake: kwanza unasikiliza, ndipo unajua ulipokosea; mnapatana, halafu mnapeleka vipaji altareni. Hilo ni fundisho zima la upatanisho, na muumini hulipokea kwa miguu na mikono yake kabla hajaelezwa na mtu. Papa Fransisko aliadhimisha misa hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019.

Ndiyo maana huwa naumia utamadunisho unapoishia kwenye vitenge na kayamba. Parokiani kwetu ngoma huanikwa juani kabla ya misa ili ngozi ikaze. Mpigaji huigonga kwa kidole, husikiliza, huirudisha juani. Kazi yote hiyo, kisha inapigwa dakika chache wakati wa matoleo, ilhali mzee huyo mpigaji ana midundo ya msiba, ya kuita watu na ya kupokea mgeni.

Na vijana wa mjini, waliolelewa na kinanda cha umeme, nao wana utamaduni. Sala yao ya majuto bado haijapata mdundo wake.