Sanmon: lango lisilo na ukuta

Sanmon ni lango kubwa la mbao linalosimama mbele ya jumba kuu la ibada katika mahekalu ya Kibudha nchini Japani, hasa yale ya madhehebu ya Zen. Neno hili huandikwa kwa namna mbili zinazotamkwa sawa. Moja ni "lango la mlima", kwa kuwa nyumba za watawa zilikuwa zikijengwa milimani. Nyingine ni "malango matatu", na hapo ndipo penye uzito: ni ufupisho wa sangedatsumon, malango matatu ya ukombozi.

La kwanza kwa kawaida hufasiriwa "utupu". Mimi naona "uwazi" linafaa zaidi, maana Kiswahili husema mlango uko wazi na pia nyumba iko wazi, yaani haina kitu ndani. Mbudha hasemi kwamba vitu havipo. Anasema hakuna kitu kinachosimama kwa nguvu zake chenyewe. Chukua lango hilihili: ondoa nguzo, ondoa boriti, shusha vigae vya paa, kisha utafute lango limebaki wapi. Lilikuwapo kwa sababu vipande vilishikana, ulimi wa gogo hili ndani ya tundu la lile.

La pili ni kutokuwa na alama: sura na majina tunayovibandika vitu si asili yake. La tatu ni kutotamani, kwa kuwa aliyeyaona hayo mawili hana tena cha kukimbilia.

Lango la hekalu la Nanzen-ji, mjini Kyoto, lina kimo cha meta 22 hivi. Lilijengwa upya mwaka 1628 na Todo Takatora, mtawala wa kijeshi wa enzi hizo, kuwakumbuka waliokufa katika vita vya ngome ya Osaka vya mwaka 1615. Lile la Chion-in, la mwaka 1621, ni kubwa zaidi, lakini hili la Nanzen-ji ndilo linaloifunua dhana waziwazi: limesimama peke yake kati ya misonobari, bila ukuta wa kulishika kushoto wala kulia. Ukitaka, unalizunguka na kufika hekaluni vilevile. Halimzuii mtu wala halilindi mali. Kazi yake ni kumpunguza mwendo anayepita katikati yake, na kwa kazi hiyo nadhani ni sanamu kuliko lango.

Chini, kati ya nguzo, kuna kizingiti cha gogo nene, nacho hakikanyagwi. Unainua mguu na kukivuka. Ghorofani, ambako kwa desturi huwekwa sanamu ya Budha na za wanafunzi wake 16, hufikiwa kwa ngazi iliyosimama wima kiasi kwamba mtu hupanda akishika kwa mikono, viatu kavivua. Kupanda huko kuna kiingilio. Kupita chini ni bure.