"Kutoweka porini" maana yake nini? Muulize chura wa Kihansi

Ukimtaja chura wa Kihansi kijiweni Mafinga lazima mtu acheke, si ndo yule aliyepanda ndege kwenda Marekani wakati sisi Dar yenyewe tunaenda na basi. Haya cheka, ila huyo huyo ndo atakuelewesha neno "ametoweka porini", maana wengi wanadhani ni kuisha kabisa na sio hivyo.

Ni daraja kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka, ngazi moja tu kabla ya kutoweka kabisa. Yani wapo hai lakini wa kufugwa tu, ukienda kwao hukuti hata mmoja.

Kwao sasa ni korongo la mto Kihansi, ule unaoshuka toka huku juu Mufindi kwenye milima ya Udzungwa mpaka bonde la Kilombero. Maporomoko yalikuwa yanarusha manyunyu usiku na mchana, na kwenye hayo manyunyu, kaeneo ka hekta kama mbili hivi, ndo aliishi, dunia nzima hapo tu. Kadogo, hakafiki sentimita tatu, ka njano njano, tena hakatagi mayai, kanazaa watoto waliokamilika, habari za viluwiluwi hakuna. Wataalamu wamekuja kumjua 1996, na mradi wa umeme ushaanza kujengwa.

Mwaka 2000 mitambo ikawashwa, maji karibu yote yakageuziwa huko, manyunyu yakakata. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia, ikasaidia kiasi, halafu 2003 vyura wakapukutika ghafla na wakakutwa na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi (na chura ngozi ndo anapumulia pia, kwaiyo hapo hana ujanja). 2009 IUCN wakamtangaza katoweka porini.

Kilichomwokoa ni ile ndege mnayoicheka. Mwishoni mwa 2000 walibebwa 499 kwenda Bronx Zoo, bustani ya wanyama kule New York, wakazaliana, vizazi vyao vikaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Hapo mtu anauliza, si wamesharudi, jina la nini tena? Kuachiwa peke yake hakufuti daraja, mpaka ionekane wanaishi na kuzaana wenyewe huko bila kuongezewa wengine toka maabara, na hawa hata manyunyu yenyewe wanapigiwa na bomba.